Damu Nyeupe ya Madame wa Chimie

Sijui alizaliwa wapi wala babu yake alikuwa nani, na anayetaka habari hizo aende akaulize kwenye ofisi ya commune. Wale wanakaa pale tangu asubuhi, kazi hawana. Mimi ninachojua ni kwamba Madame wa Chimie alitembea kama mtu aliyeficha yai mfukoni. Taratibu, mgongo wima, macho mbele. Ukimwona anashuka njia ya Ibanda, hapa Bukavu, kwenda shuleni ungesema ni malkia aliyeibiwa gari.

Alipanga annexe, kijumba cha uani, kwenye parcelle yetu: chumba kimoja, veranda, na mti wa waridi ambao haukuwahi kutoa ua hata moja. Shuleni, kwenye lycée yetu ya wasichana, alitufundisha chimie, yaani kemia. Kwa hiyo mimi nilimmeza mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kama dawa. Wenzangu walinionea huruma. Jina langu hakulitumia hata siku moja. Aliniita Maneno, na kusema kweli hakukosea.

"Maneno, nyamaza kidogo tuone kama dunia itaendelea."

Dunia iliendelea, lakini kwa huzuni.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Si ule wa wazee wa bureau wenye matumbo kama magunia ya makaa. Wake ulikuwa ule unaomkamata mtu akingali mtoto: mwili unasahau kabisa kutengeneza insulini, na tangu siku hiyo usipojidunga huishi. Alijidunga asubuhi na jioni, kwenye paja, kwa bomba la kioo alilolichemsha ndani ya sufuria ndogo ambayo Maman alinikataza kuigusa hata kwa macho. Chupa zake za insulini zilikaa kwenye frigo yetu, mlangoni, jirani na siagi. Umeme ukikatika, Maman alisali kwanza kwa ajili ya chupa za Madame, nyama ikangoja zamu yake.

Watu walipenda kumpa sababu. Mama mmoja wa soko la Kadutu alimwambia, huku akimhurumia na kumpunja viazi kwa mkono uleule: "Pole, Maman. Inaonekana ulikula sukari mingi ukiwa mutoto."

"Mimi balinilea bamasista," Madame akajibu. "Sukari niliiona siku ya Pasaka. Tena kwa mbali."

Kila asubuhi, kabla ya kengele, alijifungia kwenye laboratoire ya shule. Sisi tulijua anachofanya humo kwa sababu kulikuwa na tofali chini ya dirisha, na tofali halikujiweka lenyewe. Aliwasha taa ya spiriti, akachukua tube ya kioo yenye maji ya bluu, akatia matone ya mkojo wake, akachemsha. Halafu alingoja rangi. Ikibaki bluu, hakuna sukari kwenye mkojo. Kijani, ipo kidogo. Njano, machungwa, halafu ile rangi ya matofali: hapo hata sisi tulijua kwamba leo kuna interrogation, mtihani wa ghafla. Mpelelezi wa dirishani alirudi darasani mbio akitangaza hali ya hewa. "Bluu! Bluu! Wekeni vitabu, leo atatuambia hadithi!" Siku ya machungwa tulifungua madaftari bila kuambiwa, kama wakristo waliosikia radi.

Alikuwa na msemo wake: "Tube haina mjomba." Maana yake ilikuwa kwamba katika nchi hii ya Zaïre kila mtu ana mjomba mahali fulani, wa kumpa kazi, wa kumpa kiti kwenye boti, wa kumpandisha darasa, lakini tube ya kioo haijui ukoo wa mtu, inasema inachosema. Siku moja wakati wa mazoezi niliandika majibu niliyoyapata kwa dada mmoja wa mwaka wa mbele. Madame akasimama nyuma yangu. Alikuwa na desturi hiyo mbaya, hakuwa na nyayo.

"Maneno, umeandika njano. Tube yako ni ya kijani. Kati ya wewe na kioo, nani mwongo?"

"Kioo, Madame."

Darasa likapasuka. Naye alicheka, kicheko chake kifupi cha puani, halafu akagonga meza yangu kwa kidole. "Andika unachoona. Unachotaka, kiandikie mchumba wako."

Lakini mwanamke huyohuyo, zikibaki siku mbili aende kwa daktari, aliacha bugali. Hakugusa muhogo, hakugusa ndizi wala kiazi. Alikaa kwenye veranda yake na parachichi moja kama mtu aliyefunga Kwaresima peke yake. Daktari akimpima siku ya tatu, mkojo ulikuwa bluu kama sare zetu, na Madame akarudi nyumbani amenyoosha shingo. Nilimwuliza, maana mdomo wangu haujui kukaa na jambo: "Madame, sasa si ni kama kumpikia daktari jibu?"

Uma wake ulisimama njiani. "Nenda ukachote maji."

"Maji iko, Madame."

"Basi yamwage, ukachote mengine."

Habari ya chakula chake ni ndefu, na hapo kosa halikuwa lake peke yake. Lilikuwa letu sote, Bukavu nzima. Ugonjwa unaitwa sukari. Kwa hiyo adui ni sukari. Mafuta hayana sukari. Kwa hiyo mafuta ni ndugu. Hata mtawa mzee aliyekuwa muuguzi wake wa utotoni alimfundisha hivyo: punguza bugali, shiba kwa siagi na nyama. Madame alishika somo hilo kama amri ya kumi na moja. Lenga-lenga zake, ile mboga ya majani, zilielea kwenye mawese mpaka ukaziogopea zisizame. Alikula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaangwa, akamalizia mafuta yaliyobaki kwenye sahani kwa kijiko. Alikunywa mashanza, yale maziwa mazito ya kuganda yanayoshushwa kutoka Walungu, na utando wake wote wa juu.

Na kwetu mgeni asipokula ni kama ametukana nyumba. Kwa hiyo kila familia iliyompokea ilikuwa imetafuta namna ya kumheshimu bila kumwua: chai bila sukari, lakini na krimu juu yake nene kama blanketi. Wazazi wa wanafunzi waliotaka kumshukuru walileta siagi iliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Mzazi mmoja wa Minova alimletea mbuzi, na ikasemwa wazi kwamba ngozi na mafuta ya mgongoni ni vya Madame, wengine wagawane nyama.

"Kula, dada," Maman alikuwa akimwambia, akimsukumia sahani. "Hii haina sukari ata kidogo."

"Hata sabuni haina sukari, Maman," nikasema.

Kofi la Maman lilifika kabla sijamaliza kucheka. Madame hakucheka. Alikuwa anakula.

Na pamoja na yote hayo alibaki mwembamba kama chaki. Tuliulizana darasani: mafuta yale yote yanakwenda wapi? Jibu lilianza kuonekana mwaka jana, kwenye viwiko. Alipoinua mkono kuandika ubaoni, mkono wa blauzi ulishuka, tukaona vipele vidogo vya manjano, vingi, vimejipanga kama mayai ya samaki. Hatukujua ni nini. Tulipopigwa na jambo tusilolijua, sisi tulilipa jina: mayai ya sambaza. Alisikia minong'ono, akageuka.

"Mnacheka nini?"

Basi nikajitolea, kwa faida ya darasa. "Madame, kiwiko chako kinaota mahindi."

Aliukunja mkono, akakitazama kiwiko kwa muda mrefu, kama swali ambalo hakulitunga yeye. Halafu akauteremsha mkono wa blauzi mpaka kwenye kifundo. Tangu siku hiyo alivaa mikono mirefu, hata jua likiwaka.

Ili muelewe vipele vile vilitoka wapi, lazima niwaambie habari ya bendera, ile tunayoiita drapeau.

Kila asubuhi tunapanga mistari uwanjani, wanafunzi mbele, walimu pembeni, bendera inapanda, tunaimba. Mikono chini. Hakuna kusogea, hakuna kukohoa, hakuna kitu mdomoni, mpaka prefe, mkuu wa shule, aseme basi. Siku nyingine wanakuja watu wa Chama, kile kimoja kinachotawala nchi, wanasimama kivulini na suti zao za kola fupi, wanatuangalia kama wanaonunua ng'ombe. Siku moja ya namna hiyo, mwaka juzi, prefe hakupenda sauti zetu. Alituanzisha upya. Akatuanzisha tena. Madame alikuwa amejidunga mapema na kula kidogo, na wimbo ulikuwa unarefuka, na sukari yake ikaanza kushuka. Sukari ikishuka hivyo mtu anatokwa jasho, anatetemeka, akili inamtoroka. Dawa yake ni ndogo, kitu kitamu tu, upesi. Lakini mbele ya bendera, upesi haipo.

Tulimwona anatabasamu. Kisha akatoka kwenye mstari wa walimu, akaenda mpaka kwenye mlingoti, akaanza kuufundisha. Ndiyo, mlingoti. Aliueleza habari ya asidi na besi, kwa upole kuliko alivyowahi kutueleza sisi. Kisha akageuka, akaingia katikati ya watoto wa mwaka wa kwanza, akaanguka na kuwaangusha.

"Citoyenne huyu alikunywa nini asubuhi?" akauliza mmoja wa watu wa Chama. Citoyenne, mwananchi: ndivyo tulivyoamriwa kuitana.

Hiyo ilitosha. Kabla jua halijashuka, Kadutu nzima ilijua kwamba mwalimu wa lycée anakunywa kasiksi mapema asubuhi na kusalimia bendera akiwa amelewa. Wengine walitaja mpaka ndizi zilizotengenezewa hiyo kasiksi. Prefe, ambaye si mtu mbaya ila ana woga uliokomaa, alimwita Madame akamwambia: ikitokea tena, sitaweza kukulinda.

Jioni ile alikuja jikoni kwetu. Mimi nilikuwa naosha sahani. Niliziosha polepole sana, sahani hazijawahi kusafishwa vile.

"Napunguza shindano ya asubuhi, ile ya insulini," alimwambia Maman.

"Unapunguza namna gani? Ile haiko chumvi, dada."

"Sukari ikibaki juu kidogo, siwezi kuanguka. Nikipunguza na bugali, tube itabaki bluu, ao kijani kidogo. Tumbo nitajaza na mafuta. Nimepiga hesabu."

"Docteur anajua?"

"Docteur hasimame mbele ya drapeau."

Maman akampa parachichi.

Na kweli, hakuanguka tena. Mwaka mzima alisimama pale kama msumari. Prefe alimsifu mbele ya walimu. Asubuhi tube ilitoka bluu, au kijani cha jani changa, nasi tukapata hadithi nyingi kuliko mwaka mwingine wowote. Ila alikunywa maji kama gari la zamani, na alipopanda ngazi za shule alisimama katikati akijifanya anatazama ziwa. Ziwa letu ni zuri, lakini si la kutazamwa kila siku kwenye ngazi ileile. Halafu akaanza kusogeza madaftari yetu karibu na pua alipokuwa akisahihisha. Tukafurahi: makosa madogo yalianza kupita.

Jumapili moja baada ya misa tukasikia kiti kinaanguka kwenye annexe. Tulimkuta sakafuni amejikunja, ameshika tumbo juu ya kitovu, uso wa majivu. "Usiniguse," alimwambia Maman. "Niguse, lakini usiniguse hapa." Jirani alitoa gari lake. Njia nzima ya kwenda hospitali Madame aliomba msamaha kwa dereva kwa kila shimo, kana kwamba yeye ndiye aliyeyachimba.

Daktari tuliyemkuta hakuwa yule wake wa siku zote: alikuwa kijana, mgeni katika mji, bado ana haya. Alimtoa damu, akaisimamisha tube kwenye kibao chake, akaenda kwa wagonjwa wengine. Muuguzi akapita, akaiinua, akakunja uso.

"Ni nani ameweka maziwa humu?"

Hakuna aliyeweka maziwa. Damu ilikuwa imejitenga: nyekundu imetua chini, na juu, mahali ambapo panapaswa kuwa na maji ya manjano safi kama chai hafifu, palikuwa peupe. Peupe kabisa, pazito, kama mashanza. Maman alifanya ishara ya msalaba.

Daktari alirudi, akamletea Madame ile tube kitandani. "Angalia, Madame. Hii nyeupe ni mafuta. Yamejaa kwenye damu yako mpaka kongosho limewaka. Njo hayo maumivu unasikia."

Madame aliishika tube. Hata katika maumivu yale aliishika inavyotakiwa, vidole viwili, juu. "Lakini mkojo wangu uko bluu. Kila asubuhi ninapima."

"Mkojo uliuliza juu ya sukari, ukakujibu juu ya sukari. Juu ya mafuta haukuuliza." Akavuta kiti. "Insulini unapiga kiasi gani?"

Maman alitazama viatu.

"Asubuhi, nusu," Madame akasema.

Basi daktari akaeleza, na mimi naandika nilivyoelewa, maana hii haikuwa kwenye programu. Insulini haifungulii sukari mlango peke yake. Ndiyo pia inayouambia mwili utoe mafuta kwenye damu, uyaweke ghalani, na yale ya ghalani yasitoke ovyo. Ukiipunguza, mafuta ya mwilini yanatoka bila ruhusa, yale ya chakula yanakosa pa kuingia, yote yanabaki barabarani yakizunguka. Na yeye juu ya hayo alikuwa anaongeza mengine kila siku, kwa kijiko. Vile vipele kwenye viwiko ni mafuta yaliyochoka kuzunguka, yakajijengea nyumba kwenye ngozi. Akasema pia kwamba mambo haya hayaishii tumboni. Yanapita kwenye macho, kwenye figo, kwenye moyo, bila kupiga hodi.

"Nilikuwa nimeutawala ugonjwa," Madame akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo.

"Ulitawala mkojo, Madame," daktari akamjibu.

Walimlaza. Insulini kamili, maji ya mshipani, chakula bila tone la mafuta. Kila mara daktari alimtoa damu, akaiacha itue, akashika ukurasa wa gazeti nyuma ya tube. Mwanzoni gazeti halikuonekana kabisa. Baadaye kikaonekana kivuli cha picha. Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, tulisoma herufi kubwa za kichwa cha habari kupitia damu ya Madame, na kwa mara ya kwanza habari za gazeti zilinifurahisha. Baada ya majuma kadhaa hata vipele vilianza kunywea. Nyumbani kwetu Maman aliweka sheria mpya jikoni, akailazimisha familia nzima; mawese yakapimwa, tukala lenga-lenga zilizotembea nchi kavu. Madame akarudia bugali yake, kipande kilekile kila siku, na sindano yake yote.

Macho tu ndiyo hayakurudi sawasawa.

Na bendera ilikuwa ikingojea. Kwa sindano nzima, asubuhi, sukari inaweza kushuka wakati wowote. Daktari alimwambia: ukisikia inaanza, kaa chini hapohapo, kula. Usingojee. Ni rahisi kusema hivyo hospitalini.

Madame alienda kumwona prefe. Habari hii ninayo kamili kwa sababu mimi nilikuwa nimepigishwa magoti nje ya mlango wa bureau, kwa jambo lingine ambalo halihusiki hapa.

"Uketi, citoyenne? Wakati wa drapeau? Na ndizi mukononi?"

"Ao unikubalie nibaki darasani, Prefe."

"Walimu wote wanakuwa pale. Wakikukosa, wanauliza mimi."

"Waambie niko mugonjwa."

"Drapeau haijue mugonjwa." Nilisikia kiti chake kinalia. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba: "Nielewe basi. Na mimi niko na batoto."

"Na mimi niko na macho mawili," Madame akasema. "Sina ingine."

Alipotoka alinikuta magotini. Alisimama, akanitazama kwa karibu ili ahakikishe ni mimi. "Umesikia yote?"

"Mlango ni mwembamba, Madame."

"Basi uache kunicheka asubuhi. Unichunge."

Tangu hapo sikuimba. Nilifungua mdomo tu, kama samaki, na macho yangu yote yalikuwa juu ya mdomo wake wa juu, maana jasho lake linaanzia pale. Asubuhi nyingi zilipita salama. Nilikuwa nimeanza hata kuuzoea wimbo.

Asubuhi yenyewe, watu wa Chama walikuwepo. Prefe alikuwa amepaka mafuta kichwani, anang'aa. Bendera ilikuwa haijafika nusu nilipoona kile kitu juu ya mdomo wa Madame, kama umande. Nikasema moyoni: subiri, Madame, bado kidogo, bendera inafika. Ndivyo nilivyosema, mimi niliyesikia yote hospitalini. Woga unaambukiza.

Yeye hakusubiri. Alikaa chini. Hakuanguka, nasema alikaa, kwa hiari, kwenye changarawe, miguu ameinyoosha mbele kama mama anayeuza nyanya sokoni, kitenge chake kilichopigwa pasi kikifagia vumbi. Akatoa ndizi mbivu kwenye mkoba. Mikono ilimtetemeka, ikamchukua muda kuimenya, na kila ganda lililoshuka tuliliona sote, mistari yote, tangu watoto wa mwaka wa kwanza mpaka sisi wakubwa. Sauti zetu zilianza kukatika, wimbo ukabaki na mashimo.

"Yule anafanya nini?" akauliza mtu wa Chama.

Prefe alikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Alikuwa nayo tangu siku ile Madame alipomweleza kwenye bureau. "Sijue, citoyen," akasema.

Madame alimeza kwanza. "Ninakula, citoyen," akajibu kutoka chini, na ulimi wake bado mzito. "Sukari yangu imeshuka. Muendelee, wimbo ningali ninausikia."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Hawakumfukuza. Kumfukuza mtu lazima uandike sababu, na sababu ilikuwa ndizi. Walimhamisha. Mwaka wa shule ulipofunguka, jina lake lilikuwa kwenye shule moja ya Idjwi, kisiwani, ambako alitakiwa kufundisha chimie bila laboratoire.

Nilimwona mara ya mwisho bandarini, wiki ya kwanza ya masomo, asubuhi aliyokuwa akivuka. Maman alikuwa kazini, akanituma na termosi ya barafu kutoka frigo yetu, na chupa za insulini zimefungwa ndani ya kitambaa. Madame alikuwa amesimama kati ya magunia ya chumvi na kuku waliofungwa miguu, yai lake bado mfukoni. Nilimpungia mkono kwa mbali. Hakujibu. Nikampungia tena, nikafika mpaka mbele yake, bado ananitazama kwa adabu, kama mgeni.

"Madame."

"Aa, Maneno!" Uso ukafunguka. "Sura ilinipita. Domo halijanipita."

Nikampa termosi. Aliitikisa karibu na sikio, akasikiliza barafu.

"Huko iko frigo, Madame?"

"Niliuliza. Hakuna. Iko mission moja upande ule mwingine, na ya kwao ilikufa. Nitaweka chupa ndani ya chungu, na mchanga wa maji. Docteur anasema itaenda kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Hilo njo swali," akasema, na hakulijibu. "Kila mwezi nitavuka, atoe damu aangalie. Kama mashua itakubali."

Mwenye mashua alikuwa akipiga kelele: wazee mbele, mizigo katikati, mwenye mbuzi ashike mbuzi wake. Nikamshika Madame kiwiko apande ubao. Chini ya mkono wa blauzi kilikuwa laini, vipele vimekwisha. Nilikuwa na swali moja lililobaki, na kwa mara ya kwanza niliona haya kuuliza kitu.

"Na drapeau? Iko?"

"Nayo niliuliza." Alikaa kwenye ubao wa mashua, akapakata termosi kama mtoto. "Mulingoti iko. Drapeau iko. Kamba njo ilikatika, na mulingoti ni murefu, hakuna mutu anataka kupanda." Kile kicheko chake cha puani kikatoka. "Maneno, nimehamishiwa mbinguni."

"Kwa hiyo shindano unapiga yote?"

"Yote. Ikiwa iko, ninapiga yote."

Mashua ikasukumwa. Nilibaki ufukweni nikipunga mkono, ingawa nilijua haoni, na yeye akipunga upande ambao sikuwepo. Termosi ilikuwa magotini mwake. Maman alikuwa ameijaza mpaka juu, hakuacha hata pa kupita pumzi, lakini barafu ilikuwa ya saa chache, na Idjwi ilikuwa ya mwaka mzima wa shule.